Fundi, kama umenifungia kopo la soda niambie umenifungia kopo la soda!

Wakuu, naandika nina hasira, nikiruka herufi mnisamehe. Na mods tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la utani, maana hii ni habari ya ekzosi, yaani bomba la moshi la gari, na watoto wangu walikuwa ndani ya gari hilo.

Nina Toyota IST ya zamani. Naishi Bugarika, mlimani hapa Mwanza, na mliowahi kupanda huko mnajua barabara zetu: ukikwepa jiwe la kushoto, la kulia linakusubiri. Mwezi wa pili nikasikia kitu kimegonga chini, sikujali. Baada ya siku kadhaa gari likaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Majirani wakawa wanajua nimerudi nikiwa bado chini kabisa kule kwenye lami.

Nikaenda gereji moja upande wa Nyakato, jina silitaji. Fundi akajilaza chini dakika tano, akatoka anapangusa mikono: "Bosi, ekzosi imetoboka kidogo tu. Naziba, unasahau." Elfu arobaini na tano. Nikamwambia pia kwamba asubuhi injini ikiwa ya baridi nasikia tik-tik-tik mbele, ikipata moto inapotea. Akasema hizo ni tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu za injini), gari la umri huu ndivyo lilivyo. Nikalipa, nikaondoka gari limetulia kama paka. Neno "unasahau" mlikumbuke, nitalirudia.

Wiki ya tatu tukapata msiba Musoma. Tukaondoka, mvua inanyesha toka Igoma pale unapotoka Mwanza, vioo tumefunga vyote. Mama mkwe mbele, mke wangu nyuma na watoto wawili. Kabla ya Magu, mtoto mkubwa anasema kichwa kinauma. Tukamwambia alale. Tumepita Magu, mdogo akatapika. Mama mkwe akageuka: "Baba Neema, huyu mtoto mmemlisha nini asubuhi?" Lawama zikaenda kwa sato wa jana usiku, masikini sato wa watu. Kufika Lamadi mimi mwenyewe kichwa kinagonga na macho mazito, mke wangu amelala usingizi ambao sikuupenda. Nikaegesha, tukafungua milango yote, tukashuka kwenye manyunyu. Baada ya muda hewa safi ikatuingia, wote tukaanza kupata nafuu kwa pamoja. Ndipo nikashtuka. Sato gani huyo anayepona mkishuka garini?

Kwa wasiojua: moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo usijidanganye kwamba "ningesikia harufu". Inang'ang'ania chembe za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, ina maana damu inazunguka lakini haibebi hewa. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Ni zilezile ambazo sisi tunaziita "mtoto hazoei safari". Na gari la umri wa langu lina vitundu sakafuni na raba za buti zilizochoka, moshi unaovujia katikati ya gari unapanda humo taratibu.

Pale Lamadi tukapata mzee mmoja fundi wa pikipiki, akakubali kuchungulia. Akaniita: "Njoo uone mwenyewe, kijana." Nikainama na suti yangu ya msiba. Kipande cha kopo la soda, maandishi bado yanasomeka, kimezungushiwa bomba na kubanwa kwa klipu mbili za hosi, chini yake kuna gundi ya chuma ya kawaida, ile ya kuchanganya tyubu mbili. Imegeuka mkaa, ukigusa inamwagika. Klipu moja imelegea na tundu limekua mara mbili. Hiyo ndiyo elfu arobaini na tano. Hiyo ndiyo "unasahau".

Sasa mnielewe. Sina ugomvi na kopo! Ukiwa umekwama porini usiku, kopo ni mkombozi. Yule mzee mwenyewe alifanya hivyohivyo ili tufike msibani, ila kwa adabu. Alisubiri bomba lipoe. Akakwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, maana juu ya kutu na masizi hakuna kinachoshika. Akakata kopo kubwa kulipita tundu kila upande, akalizungushia bomba, klipu mbali na tundu, akakaza. Halafu akaniambia: "Hii ni ya kukufikisha na kukurudisha. Vioo wazi, hata mvua ikinyesha. Ukifika Mwanza ukate palipooza." Akachukua elfu tano. Mama mkwe alifika Musoma amelowa bega zima la kushoto na hakulalamika hata neno.

Kuna pia dawa za kweli za muda, zinauzwa kwenye maduka ya vipuri: dawa nzito ya kupaka ya ekzosi inayokomaa kwa joto (unapaka, unawasha gari liungurume taratibu bila kutembea), na bandeji ya kulowesha maji unayozungusha kama P.O.P. ya mguu uliovunjika. Zimetengenezwa kwa ajili ya moto. Gundi ya kawaida haikutengenezwa kwa moto huo, bomba karibu na injini linaweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hata hizo nzuri ni za kukuvusha, na hazifai kwenye bomba lililooza, kwa sababu kutu ya ekzosi mara nyingi huanzia ndani. Petroli ikiungua inatoa maji. Ukiwa mtu wa safari fupi, Bugarika hadi Makoroboi na kurudi, bomba halipati joto la kutosha kuyakausha, yanatuama humo na kula chuma. Tundu unaloliona ni dalili tu, pembeni yake chuma kimebaki unene wa karatasi.

Nikarudi Mwanza nikidhani balaa limeisha. Nikaenda kwa mchomeleaji mwingine, Mabatini. Akaleta kipande cha bomba la maji! Lile la chuma lenye zinki. Nikamuuliza, akasema "chuma ni chuma kaka". Si kweli. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, ukiichoma inatoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa ya usiku. Na alishakamata holda ya kuchomelea bila kuchomoa waya wa hasi wa betri. Kompyuta ya gari na altaneta (inayochaji betri) vinaweza kuungua hapo hapo, na tangi la mafuta liko palepale jirani. Nikawasha gari nikaondoka. Akanitukana, sawa.

Wa tatu ndiye fundi. Kijana mdogo, hana hata bango. Alianza kugonga bomba kwa spana toka mbele hadi nyuma akisikiliza: penye uzima linalia, palipooza linatoa sauti ya boksi. Akakata mpaka alipokuta chuma kizima, karibu urefu wa mkono wangu, akaweka bomba jipya la ekzosi lenye kipenyo kilekile, akachomelea kuzunguka kote. Halafu akanionyesha raba mbili za kuning'inizia zimekatika. Akasema bila hizo bomba linacheza na weldi yake ingepasuka baada ya muda. Raba jamani! Vitu vya bei ya soda, na wale wawili wa kwanza hawakuziona.

Na zile "tapeti"? Gasketi (kizibio) ya flanji ya mbele, pale vipande vya ekzosi vinapofungwa kwa boliti, ilikuwa imeungua. Baridi inavuja, chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba, ndiyo maana tik-tik inapotea. Hapo ni kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayopima hewa kwenye moshi ili injini ijue itie mafuta kiasi gani. Hewa ya nje ikipenyea hapo, sensa inadhani mafuta ni machache, injini inaongeza. Miezi miwili nimekuwa nikimtuhumu kijana wa sheli kwamba ananipunja. Kaka kama unasoma huku, nisamehe.

Jumla yake: laki na thelathini, pamoja na gasketi, boliti na raba. Ningeambiwa ukweli siku ya kwanza ningelipa hiyo hiyo moja kwa moja. Mafundi wetu, hatuwalaumu kwa kuziba kwa muda, wateja wengi tunakuja na elfu kumi mfukoni na tunaomba tuzibiwe. Lakini sema! "Bosi, hii ni ya wiki moja, usifunge vioo, usipakie watoto." Sentensi moja tu. Inagharimu nini?

NYONGEZA: Mdau ameuliza PM atajuaje kama lake linavuja. Injini ikiwa ya baridi, liko nje si ndani ya banda, liwashe. Mtu mmoja azibe tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache, wewe usikilize pembeni: penye tundu patatoa "sss". Au nyunyiza maji ya sabuni kwenye viungo, uone povu linapochemka. Alama nyeusi za masizi kwenye maungio nazo ni ushahidi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

NYONGEZA 2: Mnaosema nimpigie wa kwanza, nimempigia mchana huu. Nimemweleza yote, watoto, kutapika, Lamadi. Akanyamaza kidogo, halafu: "Lakini bosi, makelele si yaliisha?"

Jumamosi naenda Nyakato na lile kopo mkononi. Mwenye nafasi anisindikize, peke yangu nitapigana.