Mgonjwa anaruhusiwa na karatasi ya oksijeni, oksijeni yenyewe hapewi: nani anawajibika?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Mama yetu mkubwa, mkazi wa Kibosho, Moshi, amepikia kuni tangu usichana wake, na sasa mapafu yamechakaa kiasi kwamba kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 85 akiwa ameketi tu. Hospitali ilimruhusu na karatasi inayomtaka atumie oksijeni nyumbani, lita 2 kwa dakika, saa zisizopungua 15 kwa siku. Mashine ya kumwazima haikuwepo. Bima, ambayo ililipia kitanda cha wodi alikolazwa kwa sababu ya oksijeni hiyohiyo, ikajibu kwamba vifaa vya nyumbani havimo katika kitita chake.

Saa hizo 15 hazikuandikwa kwa kubahatisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1980 na ule wa Uingereza wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni huishi muda mrefu zaidi akiivuta sehemu kubwa ya siku, wala haitoshi kuivuta anapobanwa tu. Lakini kwa kiwango hicho mtungi mkubwa wa lita 6,800 haufikishi siku nne, na ukiisha ni lazima kukodi gari la kuushusha mjini ukajazwe.

Ukoo ukachanga, tukanunua mashine iliyokwisha kutumika, ya kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida. Luku ikatuumbua. Mashine ya wati 350 ikiwaka saa 15 inakula uniti zaidi ya 5 kwa siku, yaani zaidi ya 150 kwa mwezi, ilhali bei nafuu ya majumbani inakomea uniti 75. Umeme ukikatika usiku, binti yake huwasha tochi ya simu, akauchomoa mrija wa puani na kuuunganisha kwenye mtungi mdogo wa akiba, wakati midomo ya mama imeshaanza kubadilika rangi. Hata hatari ya kuweka oksijeni karibu na moto wa jikoni tuliambiwa na fundi aliyetuuzia mashine, si na wodi iliyomruhusu!

Tunaandaa barua kwa Wizara ya Afya, tukidai hospitali ziwe na mashine za kuazimisha na bima zigharamie matumizi ya nyumbani. Wenye wagonjwa wa namna hii hapa Moshi na Arusha, naomba mwandike bima zenu ziliwajibu nini.