MREJESHO: Diploma yangu ya unesi kutambuliwa Uingereza

Wakuu narudi na mrejesho, mwaka jana niliwauliza kama diploma ya unesi ya Bongo itatambulika Uingereza au ndo nirudi shule upya. Shule sikurudi ila cheti tu hakitoshi aisee, NMC (baraza la manesi la Uingereza) wanataka ufaulu CBT (mtihani wa kompyuta) kisha OSCE (mtihani wa vitendo) ya vituo 10, na IELTS (mtihani wa Kiingereza) 7 kila sehemu, kuandika ndo wanakubali 6.5. Mimi kuandika nilipata 6 mara mbili nikalia chooni. Kilichonichelewesha zaidi ni herufi moja, cheti kinasema Fatma pasi ya kusafiria Fatuma, ikabidi nikale kiapo cha majina kwa wakili. OSCE nikafeli kituo kimoja, nikarudia hichohicho. PIN (namba ya usajili wa NMC) imetoka Jumanne!! Aliyenishauri OET (mtihani mwingine wa Kiingereza, wa watu wa afya) badala ya IELTS nilimpuuza, anisamehe.