Siti ya pembeni yako haikaliwi na mtu: mliosoma au kufanya kazi ughaibuni, tupeane uzoefu wa kubaguliwa

Msafiri Kafiri
Wakuu habari za jioni. Mtoto wa dada yangu kapata chuo India, Pune, wiki ijayo anaondoka, anafunga mabegi huku anacheka cheka tu. Sasa mama yake kaniuliza mbele za watu "huko watu wake wakoje?" maana mimi ndo nilitangulia kusoma huko, Bengaluru. Nikajibu chakula kina pilipili sana. Watu wakacheka nikaponea hapo.

Ila usiku usingizi haukuja. Matusi ya kule nimesahau mengi, siti ya pembeni sijaisahau. Basi limejaa mpaka watu wananing'inia mlangoni, kuna mama kasimama na mtoto mgongoni, na pembeni yangu siti iko wazi na hakuna anayekaa. Unaanza kujinusa kwapa kimya kimya. Nilikuwa najimwagia pafyumu mpaka mwenzangu wa chumba anapiga chafya, wapi.

Za kupigwa na kuuawa zilifika magazetini, hizo mnazijua. Nataka hizi ndogo ndogo za kila siku, dukani, kwenye basi, nyumba ya kupanga, kazini. Tiririkeni nijue cha kumwambia dogo.

Mlonge
Siti tupu toka stendi ya Majestic mpaka Yelahanka, hapo hapo Bengaluru. Umenikumbusha mbali sana mkuu.

Jirani wa Tandale
Sasa si mnyooshe miguu mlale, siti mbili kwa nauli ya moja 😂😂 Huku Mbagala tunapakatana

Chachandu
Mimi yangu ni nyumba. Kwenye simu nyumba ipo, njoo hata leo, kodi imekubalika, deposti ya miezi kadhaa tumekubali. Tunafika mlangoni yule baba anatuangalia kuanzia viatu kupanda juu halafu anasema aaah, nimeshampa mtu asubuhi. Tukamtuma classmate wetu Mhindi jioni hiyo hiyo, kaoneshwa nyumba na chai kapewa. Ikawa mchezo sasa, kila nyumba tukikataliwa tunamtuma Ravi (sio jina lake) na kila nyumba Ravi anapewa. Mwisho dalali akatwambia ukweli, wenye nyumba hawataki "Nigeria". Tukamwambia sisi Watanzania. Akasema ndio, Nigeria.

Sababu watakazokupa ziko nyingi, mnapika nyama, mna kelele, mnaleta wageni usiku. Na kweli kuna wenye nyumba hawataki mla nyama yeyote hata awe Mhindi mwenzao, kwa hiyo huwezi jua lipi ni lipi. Ndo maana inachosha. Mtu akikutukana unamalizana naye, huyu anakuchekea na mlango anafunga.

Bwana Data
Mtanisamehe wakuu ila nusu ya haya mambo ni kujihisi tu. Mtu hakukaa pembeni yako, una uhakika gani ni rangi? Labda siti ilikuwa mbovu, labda wewe mkubwa umejaza. Mtu mweusi akienda nje kila kitu anaona ubaguzi, foleni ubaguzi, mvua ikimnyeshea ubaguzi. Mimi nimeenda Dubai sijaona chochote.

Mlonge
Dubai umeenda kufanya shopping ya siku ngapi na umelala hoteli kwa hela yako, unalinganisha na watu walioishi miaka? Nenda kaulize madada wanaofanya kazi za ndani Uarabuni wamefungiwa pasipoti kabatini, halafu urudi.

Bwana Data
Povu la nini sasa, nimeuliza swali

Mama Wawili
Nawasalimu kutoka Uingereza, mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kutunza wazee. Wacha niseme yangu maana leo nimetoka shifti ya usiku na mwili hauna nguvu ya kunyamaza.

Kuna nyanya mmoja, akili imeanza kupotea kwa uzee, kila asubuhi nikienda kumwosha ananiambia nitoe mikono yangu michafu meusi. Meneja anasema usijali, ni ugonjwa, andika tu kwenye faili. Sawa, naandika. Lakini binti yake hana ugonjwa wowote na yeye akija kumtembelea mamake anapita mbele yangu, mimi niko na sare na jina kifuani, anaenda kumuuliza msichana mzungu aliyeanza kazi juzi kwamba mamake amekula nini. Yule msichana anakuja kuniuliza mimi. Mimi namwambia msichana, msichana anamwambia binti, na sote tuko chumba kimoja.

Kitu cha ajabu, kuna siku nyanya anaamka ananiita kwa jina la dadake aliyekufa, ananiambia siri za nyumbani kwao, anataka nisitoke. Siku hizo hakuna cha mikono meusi. Kesho yake tena tunaanza kwa mikono meusi.

Lakini iliyonitisha ni Agosti 2024. Mnakumbuka watoto wale watatu waliouawa Southport mwisho wa Julai, watu wakasambaza mtandaoni kwamba muuaji ni mkimbizi aliyeingia kwa mashua, na haikuwa kweli, kijana alizaliwa hapa hapa Uingereza. Basi wakaanza kuchoma. Rotherham walivamia hoteli yenye wakimbizi ndani wakawasha moto. Sisi huku mjini kwetu group la WhatsApp likajaa ujumbe, usitoke, usipite barabara fulani, vaa kofia ya jaketi. Na shifti iko palepale, nani atawageuza wazee kitandani? Nilienda kazini kwa teksi ya Mpakistani na yeye anaogopa kama mimi, hakuna aliyeongea njia nzima. Nikafika, nyanya akanitukana kama kawaida, na nawaapia siku hiyo nilifurahi kusikia tusi ninalolijua.

Chachandu
Daah mama pole sana. Hiyo ya kuongea kupitia msichana nimecheka na sikutaka kucheka.

Kontena 40
Nimeona uzi nimesema ngoja nipite tu, nimeshindwa. Mimi nilikuwa wakala wa mizigo Guangzhou, nakusanya bidhaa za watu wa Kariakoo napakia kontena. Zile za kila siku nilizoea, teksi inapunguza mwendo ikiona sura inaongeza, mtu kwenye lifti anaziba pua, mtoto anakushika mkono anausugua aone kama rangi inatoka (mtoto sina tatizo naye, tatizo mama yake anapiga picha). Unazoea, unatafuta hela.

Aprili 2020 ndo nilijua kuwa kuzoeleka sio kupendwa. Wanaijeria kadhaa walikutwa na korona pale wilaya ya Yuexiu, basi ikawa kila mweusi ni mgonjwa. Mimi nilikuwa sijatoka China tangu mwaka jana yake, pasipoti yangu haina hata muhuri mpya, nikagongewa usiku nipimwe, nikapimwa sina, nikaambiwa nijifungie, mlangoni wakabandika king'ora kikilia wanajua umefungua. Na mimi ndo nilikuwa na bahati. Wengine Xiaobei na Sanyuanli walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, hoteli zinawakataa, wamelala nje na mabegi yao, picha mliziona. Kuna mgahawa ulibandika karatasi kabisa mweusi haruhusiwi kuingia, baadaye wakaomba radhi. Mabalozi wa Afrika Beijing wakaandika barua ya pamoja kwa waziri wa mambo ya nje ndo mambo yakaanza kupoa.

Nisiwe mchoyo wa haki, bosi wa kiwanda ninachochukulia vitasa alinitumia mchele, mayai na mafuta kwa bodaboda ya kule, hakuomba hata senti. Hadi leo nachukua mzigo kwake.

Jirani wa Tandale
Na bei ya vitasa hajapandisha? Tuunganishe mkuu

Kharkivi
Nilijiambia sitaandika hii kitu popote. Mimi nilikuwa mwaka wa nne udaktari, Kharkiv, Ukraine. Vita imeanza Alhamisi tarehe 24 Februari 2022 alfajiri, madirisha yanatetemeka, tukashuka stesheni ya metro chini ya ardhi tukalala sakafuni na watu wa kila aina, bibi mmoja wa Kiukraine akanipa nusu ya blanketi yake. Hapo hakuna mweupe wala mweusi, wote tunasikiliza mabomu.

Ubaguzi ulianza treni ilipokuja. Wanajeshi wanapiga kelele wanawake na watoto kwanza, sawa, tukasogea nyuma wanaume wote. Kati yetu kulikuwa na dada wawili, mmoja Mghana mmoja wa kwetu Mwanza, wakaenda mbele kwa sababu ni wanawake. Mwanajeshi akawarudisha kwa kitako cha bunduki. Dada wa Mwanza anasema kwa Kirusi safi kabisa mimi ni mwanamke, mimi ni mwanamke, yule anamtazama haoni mtu. Nyuma yao akapita kaka mmoja wa Kiukraine na mbwa wake. MBWA akapanda.

Tulipata treni ya baadaye kwa kusukumana, tumesimama mpaka Lviv, ni kuvuka nchi nzima. Kutoka Lviv gari za kwenda mpakani bei ya kufa mtu na foleni haisogei, tukashuka tukatembea kuelekea mpaka wa Poland pale Shehyni usiku theluji inaanguka, dada wa Mwanza kavaa raba. Kufika mpakani mistari miwili. Mmoja unatembea. Mwingine una Wahindi, Wamoroko, Wanaijeria, sisi, umesimama. Ukiuliza unaambiwa subiri. Watu wakachoma mabegi yao wapate moto. Mghana alianguka pale, tukamsugua miguu kwa zamu.

Upande wa Poland wakatupa supu, soksi, laini za simu bure, watu wa kawaida tu wamekuja na magari yao. Halafu kesho yake tunaambiwa msitembee peke yenu hapa Przemyśl kuna vijana wanapiga weusi. Umoja wa Afrika ulishatoa tamko tarehe 28 kulaani, tulilisoma kwenye simu tumekaa sakafuni stesheni, mtu mmoja akasema haya, tamko limefika.

Mlonge
😳 sina la kuongeza

Bwana Data
Hii ya mbwa ni chai. Chai ya rangi bila sukari.

Kharkivi
Sikukuomba uamini. Kanywe.

Mama Wawili
Bwana Data una roho ya namna gani wewe? Aki kuna siku utahitaji mtu akuamini.

Bwana Data
Nimesema ya mbwa tu jamani, mengine nakubali, nilisoma pia BBC. Kwenye vita nchi yoyote inatanguliza raia wake, hata sisi tungefanya hivyo.

Kontena 40
Mbwa naye alikuwa raia?

Mzee wa Ilala
Nawasoma vijana. Mnasema ughaibuni ughaibuni. Mimi nimezaliwa Dar ya mkoloni, mji umekatwa vipande, Oysterbay Uzunguni, katikati Uhindini, Kariakoo na Ilala Uswahilini, na marehemu baba alikuwa mpishi Oysterbay, jua likizama anatakiwa awe amesharudi kwake. Hilo limepita. Lakini juzi nimeenda hoteli moja ya ufukweni kwenye harusi ya mjukuu, mlinzi, kijana mweusi kuliko mimi, kanipekua mpaka koti, nyuma yangu kaingia mzungu na kaptula na ndala akapigiwa saluti. Huyo mlinzi nimuweke fungu gani?

Sungura wa Kilimani
Mzee umegonga ndipo. Nairobi 2015 kulikuwa na mkahawa wa Mchina hapa Kilimani Mwafrika haingii baada ya saa kumi na moja jioni, na aliyesimama mlangoni kukuzuia ni Mkenya. Iliandikwa gazetini ndipo ukafungwa.

Bwana Data
Ndo nilichokuwa nasema toka mwanzo, tuanze na sisi wenyewe. Wahindi wa hapa tunawaitaje? Wachina tunawapigia "ching chong" barabarani.

Chachandu
Hukusema hivyo toka mwanzo, ulisema tunajihisi. Usihamishe goli. Na ukimzomea Mchina Posta anarudi kwenye nyumba yake aliyopangishwa bila swali, mimi nilikuwa nalala kwa Ravi.

Msafiri Kafiri
Wakuu nashukuru ila dogo anaondoka wiki ijayo na mpaka sasa nina mbwa, vitasa na saluti. Nimwambie nini?

Kontena 40
Asijibu mtu. Asome, achukue cheti, arudi.

Mama Wawili
Ajibu! Mara ya kwanza tu, kwa adabu, mbele ya watu, na aandike tarehe. Mimi nilinyamaza miaka ya kwanza na presha ndiyo niliyopata.

Mlonge
Aishi hosteli ya chuo mwaka wa kwanza hata kama chakula kibaya. Nyumba atatafuta akishapata marafiki wa kule. Namba za viongozi wa umoja wa wanafunzi Watanzania awe nazo kwenye karatasi, sio simu tu. Tulivyoingiwa na hofu 2016, baada ya yule dada wa kwetu kushambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali ambayo hata hakuhusika nayo, wao ndo walitupitia mmoja mmoja kujua tuko wapi.

Jirani wa Tandale
Ajifunze kriketi. Ukijua kriketi unapewa nyumba

Chachandu
Unacheka lakini ni kweli kidogo, mwenye nyumba wetu wa mwisho alitukubali kwa sababu mwenzetu alijua wachezaji wote wa timu yao.

Dokta Mtarajiwa
Samahani natoka nje ya mada. @Kharkivi chuo ulimalizia wapi? Mimi nilikuwa Ternopil, Ukraine huko huko, nakwama na matokeo, ya mwaka wa tatu wametuma, ya mwaka wa nne kimya, na ninakotaka kuhamia wanataka yote yawe na muhuri.

Kharkivi
Nilihamia Hungary. Usiwaandikie barua pepe ya chuo, hawajibu. Kuna sekretari mmoja wa kitivo anajibu Telegram, ila umwandikie kwa Kiukraine, Kirusi hataki tena. Njoo inbox.