Tupeane uzoefu: farasi wako naye ni mgaagaa na tope?

Wapenzi wa farasi, salaam. Jana nimemwosha jike wangu, Theluji, kuanzia singa mpaka kwato. Ni mweupe pe, rangi isiyoficha hata alama ya kidole. Nikamwachia malishoni akaukie juani. Sijamaliza kukunja mpira wa maji, namwona huyo anaelekea kwenye dimbwi, pua chini, ananusa. Akaparapara kwa mguu wa mbele mara tatu, akajizungusha, magoti yakakunjika, puu! Miguu minne juu, anaguna kwa raha. Alipoinuka, ubavu mmoja mweupe, wa pili kahawia tupu, na tope limemwingia mpaka sikioni.

Miaka ya nyuma ningemkemea. Siku hizi nasimama namtazama, maana nimejua tope lile lina kazi: linamkuna mgongo asikofika kwa meno, linang'oa manyoya yanayopukutika, na likimkaukia mwilini inzi hawapati pa kuuma. Hebu tupeane uzoefu. Wenu wanagaagaa vipi, mnawasafishaje, na je, kuna siku kugaagaa kuliwatia hofu?

Hatamu Mkononi
Wangu hachagui tope wala vumbi, mradi ametoka kazini na jasho linamtiririka. Siku moja nilimpitisha kwenye kijito, maji yanamfika magotini. Akasimama, akaanza kuyachapa maji kwa ukwato. Nikadhani anacheza. Mara nikahisi anashuka chini yangu, nikaruka. Alilala na tandiko mgongoni, mbao yake ya ndani ikavunjika. Tangu hapo, akiinamisha kichwa na kuparapara nikiwa juu yake, namwinua kichwa papo hapo na kumhimiza kwa visigino aende mbele. Farasi anayetembea halali. Tukifika nyumbani navua matandiko yote kwanza, ndipo namwacha agaegae atakavyo.

Brashi Ngumu
Kuhusu kusafisha: liacheni likauke. Tope bichi ukilisugua unalipenyeza tu hadi kwenye ngozi. Likikauka, tumia chanuo la mpira kwa kuzungusha, halafu brashi ngumu. Pale panapokaa tandiko na mkanda wa tumboni usibakize hata chembe, itamchubua kama msasa. Ila miguu ndiyo iliyonifunza. Wangu ana miguu ya nyuma myeupe, na ngozi yake ni ya waridi. Alikaa kwenye tope wiki kadhaa, akatoka magamba na vidonda nyuma ya vifundo, mguu mmoja ukavimba. Unyevu ulilainisha ngozi, bakteria wakapata mlango. Sasa kila jioni napapasa vifundo kwa vidole, kwa sababu gamba utalihisi kabla hujaliona, na namhamishia penye ardhi kavu kwa zamu.

Mlinzi wa Banda
Naomba mnisome taratibu. Radi wangu hugaagaa kila asubuhi, kwa hiyo siku ile nilipomkuta chini nilitabasamu nikaendelea kujaza maji. Akainuka. Hakujikung'uta.

Farasi aliyegaagaa kwa raha akisimama hujikung'uta mwili mzima, tope likaruka huku na huku, akapuliza pua, akarudia nyasi zake. Radi alisimama na tope lake vilevile. Akageuza shingo akautazama ubavu, akakunja mdomo wa juu, akashuka tena. Akainuka, akashuka. Nilimgusa shingo, imelowa jasho na imepoa. Nikaweka sikio ubavuni, pale ambapo siku zote unasikia tumbo likinguruma: kimya. Nikahesabu mapigo ya moyo, 64 kwa dakika. Farasi mwenye afya aliyetulia huwa kati ya 28 na 44.

Nikaondoa majani yote mbele yake, nikampigia daktari wa mifugo nikamsomea hesabu ile. Farasi hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo tumbo likifunga hana njia ya kujipunguzia. Tulitembea polepole mpaka daktari alipofika, akamchoma sindano ya maumivu na kumpitishia mafuta kwa mpira puani. Karibu na alfajiri alitoa mavi, na mimi nikalia nikiwa nimemshika singa. Jamani, mkimwona chini msiondoke. Ngojeni asimame, muone kama atajikung'uta.

Kwato Nne
Wangu aligaagaa ndani ya banda usiku akakwama, miguu imekunjamana ukutani, hawezi kujigeuza. Asiyejua hukimbilia upande wa miguu, na teke la farasi mwenye hofu linavunja mfupa. Tulipitisha kamba tukamvuta watu watatu tukiwa upande wa mgongo. Siku hizi matandiko ya sakafuni nayarundika juu zaidi kandokando ya kuta.

Malisho Mapana
Mimi nina bibi kizee wa miaka 27. Ujanani alikuwa akipinduka ubavu kwa ubavu mara nne, tano, bila kusimama. Mwaka juzi nikaona halali tena. Farasi wangu wote wana mahali pamoja pa kugaagaa, wanapeana zamu. Yeye anafika, ananusa palipolaliwa na wenzake, anaparapara, anakunja magoti nusu, halafu anaondoka. Niliumia kumwangalia. Daktari alipompima, viungo vya miguu ya nyuma vilikuwa vimechakaa. Aliogopa kushuka kwa kuwa hakuwa na hakika ya kuinuka.

Alianzishiwa dawa ya viungo, na mimi nikammwagia mchanga laini kwenye mteremko mdogo ili miguu ipate pa kusukumia. Wiki ya tatu, mvua imekatika muda si mrefu, akaupita mchanga wangu akaenda kwenye tope. Alishuka polepole, mbele kwanza, nyuma ikafuata kwa kishindo. Kupinduka hakuweza. Akagaagaa ubavu mmoja, akainuka kwa shida, akazunguka, akalala ubavu wa pili. Kisha akasimama, akatanua miguu, akajikung'uta kuanzia masikio mpaka mkia.

Siku ile sikumsafisha.