Naomba ushauri: nataka kusoma PhD ya epidemiolojia, nianzie wapi?

Tabibu_Mdadisi:
Habari zenu wakuu. Mimi ni tabibu, nina uzamili wa afya ya jamii, na sasa nasimamia takwimu za kliniki ya wanaoishi na VVU: nani kaja, nani kapotea, nani kabadilishiwa dawa. Ripoti zangu zote huishia pale pale ambapo mimi ndiyo naanza kujiuliza "kwa nini?". Ndiyo maana nataka PhD ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea katika jamii na kwa nini. Ila hesabu zangu ni za wastani, sijui nichague mfumo wa Marekani au wa Ulaya, na sina hata makala moja jaridani. Nina familia pia. Wenye uzoefu nisaidieni, kejeli wekeni pembeni.

Jicho la Data:
Karibu mkuu. Marekani unaanza na darasa, kwa kawaida kama miaka 2, kisha mtihani wa kufuzu, ndipo tasnifu. Jumla weka miaka 4 hadi 6. Uingereza unaingia kwenye utafiti moja kwa moja, miaka 3 hadi 4, na wanatarajia uje na andiko la utafiti linaloeleweka. Skandinavia nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, yaani una mkataba na mshahara, kwa hiyo mwenye familia azitazame kwanza. Lakini kwa hesabu za wastani ningekushauri Marekani, darasa litakunyoosha.

Bi Takwimu:
Hapo sikubaliani na Jicho. Mtu haendi miaka 6 kwa sababu ya hesabu anazoweza kuanza kujifunza leo jioni. Jua uwezekano, regresheni ya lojistiki (ya matokeo ya ndiyo au hapana), modeli ya Cox (ya muda hadi tukio litokee; ni ya 1972 na bado utaishi nayo), na programu moja uimudu kwelikweli. R ni ya bure. Wengi ninaowajua walioacha PhD hawakuangushwa na hesabu, waliangushwa na msimamizi asiyejibu. Watafute wanafunzi wake wa sasa, waulize faragha: rasimu anaisoma baada ya muda gani? Walioacha, waliacha kwa nini?

Mzee wa Kohoti:
Kijana, chuo baadaye. Swali lako ni lipi? Liandike hapa kwa sentensi moja.

Tabibu_Mdadisi:
Shikamoo mzee. Nafikiria "Shinikizo la juu la damu kwa watumiaji wa dolutegravir", ile dawa ya VVU tunayowahamishia wagonjwa.

Mzee wa Kohoti:
Marahaba. Hiyo ni mada, bado hujauliza kitu. Jaribu hivi: aliyehamishiwa dolutegravir anapata shinikizo la juu la damu zaidi ya ambavyo angepata kama angebaki na dawa yake ya zamani?

Sasa una ulinganisho, na taabu ndiyo zinaanza. Shirika la Afya Duniani lilipoipa dawa hiyo nafasi ya kwanza mwaka 2019, kliniki nyingi zilihamisha watu kwa mkupuo. Wa kulinganisha nao wanabaki wa miaka ya nyuma, na huenda wao hawakupimwa presha kila hudhurio. Wagonjwa wakiongezeka, umeona ugonjwa au umeona mashine mpya za kupimia? Halafu waliochelewa kuhamishwa nao wana sababu zao. Tahadhari ya 2018 kutoka Botswana, kuhusu kasoro za uti wa mgongo kwa watoto wachanga, iliwachelewesha wanawake wengi wa umri wa kuzaa, na presha za wanawake vijana kwa kawaida ziko chini.

Kuna mtego mwingine unaonasa hata wazoefu. Aliyehamishwa mwaka wa tatu wa tiba ni lazima alikuwa hai na anahudhuria miaka hiyo yote. Ukiihesabu kuwa miaka ya dolutegravir, umeipa dawa sifa isiyo yake. Wanaepidemiolojia Hernán na Robins walieleza mwaka 2016 njia ya kutokea: andika kwanza jaribio ambalo ungelifanya kama ungekuwa na fedha na ruhusa, nani anaingia, siku ya kwanza ni ipi, nani analinganishwa na nani, kisha liige kwa data ulizonazo.

Na uzito wa mwili usiusawazishe kichwakichwa, yaani usiiondoe athari yake kwenye hesabu bila kufikiri. Majaribio yameonyesha wanaotumia dolutegravir huongezeka uzito kuliko wa efavirenz, dawa ya VVU ya zamani. Kama dawa inapandisha presha kwa kupitia uzito, ukiuondoa umefuta sehemu ya jibu lako mwenyewe.

Ukisoma haya kichwa kikauma na bado ukataka kuendelea, omba nafasi.

Mpita Njia:
Mimi niko kwenye bima, nimeambulia nusu. Endeleeni.

Jicho la Data:
Mzee kamaliza. Nyongeza yangu: kuzishika data kazini hakukufanyi mwenye nazo. Kila msimamizi makini atakuuliza kibali cha kamati ya maadili na barua ya mwenye data. Kuhusu makala, anza na moja ya kueleza tu hali ilivyo kliniki kwako, uiandike kwa kufuata STROBE, mwongozo wa kuripoti tafiti za uchunguzi zisizo za majaribio. Usisubiri ugunduzi.

Tabibu_Mdadisi:
Ahsanteni sana. Sasa kuna jambo: presha zetu zimeandikwa kwenye kadi za karatasi, hazimo kwenye mfumo. Niingize kadi zote au nichukue sampuli?

Bi Takwimu:
Sampuli ya nasibu, uigawe kwa mwaka wa kuhamishwa ili miaka yenye watu wachache isimezwe. Ila kwanza kafungue kadi kadhaa za miaka tofauti. Kama presha imeandikwa kwa tarakimu, songa mbele. Ukikuta wameandika "kawaida" tu, badilisha swali kabla hujamwandikia msimamizi yeyote.