Naamka alfajiri miguu haina nguvu, potasiamu imeshuka. Naomba ushauri

kijana_wa_mbagala: Wakuu, habari zenu. Nina miaka 31, kazi yangu kubeba mizigo. Mwezi huu ni mara ya pili naamka saa kumi alfajiri miguu imelegea kabisa. Ukinifinya nasikia, ila kunyanyua paja siwezi. Mara zote mbili nilishinda na kazi nzito, usiku nikajaza pilau na soda. Zahanati wakanitundikia dripu ya glukosi, ndiyo kwanza mikono nayo ikalegea. Hospitali wakapima potasiamu: 2.1. Nikapewa dawa, jioni natembea. Mama anasema nimetupiwa kitu.

shangazi_tanga: Pole mwanangu. Kula ndizi, kunywa dafu.

nesi_wa_zamu: Shangazi, ndizi haziwezi hili. Mdogo wangu, huenda potasiamu haijapotea, imekimbilia ndani ya seli za misuli. Wanga na sukari hupandisha insulini, nayo ndiyo huisukuma huko; kwa hiyo ile dripu ilichochea. Homoni za tezi ya thairoidi zikizidi, msukumo huwa mkali zaidi. Umekonda? Moyo unakwenda mbio? Vidole vinatetemeka?

kijana_wa_mbagala: Dah! Vyote. Kilo 8 zimeondoka na ninakula kuliko zamani. Jasho nilisingizia joto la Dar.

nesi_wa_zamu: Kesho kapime TSH (homoni inayoiamuru tezi), T4 na T3 (homoni za tezi yenyewe), na moyo upimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, maana potasiamu ikishuka hivyo mapigo huvurugika. Ikirudi, hospitali usiku huohuo, hasa ukishindwa kumeza au kupumua. Vidonge vya potasiamu usijinunulie: shambulio likiisha, ile iliyojificha hurudi kwenye damu, na ukiwa umeongeza nyingine inapita kiasi.

mpambanaji_guangzhou: Huku China daktari aliniuliza habari za thairoidi kabla sijamaliza kueleza. Ugonjwa huu wa misuli kulegea kwa sababu ya thairoidi huwapata zaidi wanaume wa Asia. Kwetu ni nadra, ndiyo maana wengi hawaufikirii.

mzee_wa_kijiwe: Sawa, ila dua isikosekane.

kijana_wa_mbagala: MREJESHO. TSH karibu haisomeki, T4 iko juu, yaani homoni za tezi zimezidi kweli. Nimeanzishiwa kabimazoli ya kutuliza tezi, na propranololi ya moyo, ambayo pia huzuia mashambulio. Wanga usiku nipunguze mpaka homoni zitulie. Mama kaelewa, ila hirizi ya mlangoni hajaitoa. Jumamosi binamu anaoa, na hilo pilau sijui nitalikwepaje.