Nyumba ya marehemu baba Temeke: tuongeze nyuma, tupandishe ghorofa au tubomoe tuanze upya?

binti_mtoni:
Habari za jioni wadau, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumeshindwa kuelewana. Tuna nyumba ya marehemu baba huku Temeke, aliijenga 1978, ile nyumba ya Kiswahili ya kawaida, korido katikati, vyumba vitatu upande huu viwili upande ule, kibaraza mbele, jiko na choo uani. Yote ni kama mita 8 kwa 9 na nusu. Tunaishi watu saba, mimi na mume wangu na watoto watatu, mdogo wangu wa kiume, na mama ambaye ana miaka 76. Chumba ukishaweka kitanda cha tano kwa sita unapita kiubavu. Mama akitaka choo usiku lazima avuke uani, na mvua za masika zilizopita aliteleza pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akaumia nyonga. Tangu siku hiyo mimi silali vizuri, nikisikia mlango unafunguliwa tu naamka.

Mawazo yapo matatu. Mimi nataka tuongeze vyumba viwili na choo cha ndani huku uani, nafasi ipo kama mita 6 kwa 8. Mdogo wangu anataka tumwage slabu tupandishe ghorofa moja. Mume wangu anasema bati limeshaoza kuta zina nyufa, tubomoe yote. Tuna milioni 22 mkononi na tunaweza kuongezea kama laki sita kwa mwezi. Aliyepitia haya naomba aniambie ukweli.

fundi_kijichi:
Pole sana kwa mama dada. Mimi ni mwashi mwaka wa 19 huu, nimeingia nyumba za aina hiyo nyingi Temeke na Tandika. Usichague chochote kabla hujachimba. Chagua kona mbili za nyumba, chimba shimo la futi mbili pembeni ya ukuta mpaka uone msingi unaishia wapi na umejengwa kwa nini. Nyumba nyingi za miaka hiyo unakuta mawe na udongo kidogo simenti kidogo, mkanda wa chini (zege lenye nondo linalozunguka juu ya msingi) hakuna, lenta, yaani zege la juu ya nafasi, ipo juu ya mlango na dirisha tu haikuzunguka nyumba nzima. Zilijengwa kubeba bati na zimebeba bati vizuri miaka yote hiyo. Huyo ndugu yako anayetaka slabu, mwambie ashike sururu yeye mwenyewe achimbe, akiona kwa macho mtaelewana bila kugombana.

eng_wa_mtaa:
Naongezea kwenye hilo la slabu. Zege mita moja ya ujazo ni karibu kilo 2400, kwa hiyo slabu ya sentimita 15 kila mita moja ya mraba ina kilo 360. Nyumba ya mita 8 kwa 9.5 hiyo ni zaidi ya tani 27 za slabu peke yake, hujaweka kuta za juu, matangi ya maji, vitanda wala watu. Huwezi kuziweka kwenye tofali zilizofyatuliwa uani 1978. Ghorofa inawezekana lakini inasimama kwenye nguzo zake mpya, zinaanzia chini kabisa na msingi wake, ukuta wa zamani unabaki wa kugawa vyumba tu. Na hapo lazima upate michoro ya injinia aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na kibali cha manispaa. Tafadhalini sana msifanye kienyeji, wote tunakumbuka ghorofa la Kariakoo Novemba 2024 watu walivyofukiwa mchana kweupe.

baba_junior_tabata:
Mimi nilipandisha, niseme kwa haki. Faida ni kwamba uani umebaki, watoto wanacheza, na juu kuna hewa nzuri. Ila nguzo 12 pamoja na misingi yake, bimu, nondo, mbao za kuzuia slabu na kumwaga vilimeza kama milioni 30 kabla sijanunua tofali moja la juu. Na mvua ikinyesha kabla hujaezeka maji yanashuka kwenye ngazi yanaingia chini, tulihama mwezi mzima. Kwa milioni 22 hapana dada, utasimama katikati.

mama_wawili_mbagala:
Naomba nimjibu mume wako maana wangu alisema hivyo hivyo. 2019 tulibomoa tukiwa na milioni 18, nyumba ilikuwa imechoka kweli na kila mtu alitusifia. Msingi, jamvi (zege la sakafu) na ukuta vikafika kwenye lenta hela ikaisha. Hesabu yetu ilikuwa tofali, simenti na fundi, hatukuhesabu mbao, bati, milango, grili, nyaya, karo la maji machafu, na hatukuhesabu kodi ya pale tulipohamia. Tulipanga miaka miwili na miezi minne, nikawa napita kwangu kwenye daladala naona majani yameota sebuleni, nilikuwa nageuza uso upande wa pili. Kubomoa ni kuzuri kama hela ya kuezeka iko benki tayari na una pa kukaa bila kulipa. Na mama wa miaka 76 utamhamishia wapi?

mkaa_uani:
Mimi niliongeza nyuma kama unavyotaka wewe, vyumba viwili, na bado nasema ni bora ila usirudie makosa yetu mawili.

La kwanza fundi wetu alitoboa ukuta wa zamani akang'atisha tofali mpya ndani ya zile za zamani kila kozi (mstari wa tofali), sisi tukaona ndo uimara. Haukupita mwaka ufa ukashuka pale kwenye maungio kutoka juu hadi chini, kidole kinaingia. Tukaziba plasta, ukarudi, tukaziba tena.

La pili paa. La zamani tuliliacha, jipya tukalishusha upande wake na katikati tukaweka gata. Jirani ana mwembe. Majani yakijaa kwenye gata maji yanapanda chini ya bati yanashukia kitandani, kila Machi na Novemba mume wangu anapanda juu na ndoo kuzoa majani. Kama bati lenu limeshaoza ezueni lote, pandisheni kenchi (fremu ya mbao ya paa) moja inayofunika zamani na mpya pamoja. Inauma mwanzoni ila mnamaliza.

eng_wa_mtaa:
Huo ufa sababu yake ni kwamba msingi wa zamani ulishatulia miaka arobaini, wa kwako mpya unashuka kidogo ukishabebeshwa uzito, sasa ukivifunga pamoja lazima kimoja kichanike. Jenga ukuta mpya unaojitegemea, acha nafasi kama sentimita 2 kati yake na wa zamani, jaza kitu laini ndani halafu funika kwa ubao au bati jembamba lililofungwa upande mmoja tu. Paa linaweza kuwa moja, ila kuta ziachane.

Na zile nyufa alizosema mume wako, bandika kidonge cha jipsam juu ya kila ufa andika tarehe kwa kalamu. Baada ya miezi miwili mitatu kama kimepasuka ufa bado unatembea, kama kiko kizima ni ufa wa zamani, ziba uendelee na maisha.

pwani_mombasa:
Hujambo dadangu, mimi niko Mombasa Majengo, nyumba zetu na zenu ni ndugu. Naona watu wote wanaongea slabu na mimi namfikiria huyo mama. Chochote mtakachofanya, anzeni na choo chake. Kiwe cha kukaa, mlango upana sentimita 90 na ufungukie nje ili akianguka ndani mweze kumfikia, kizingiti msiweke kabisa, sakafu isiwe ya marumaru ya kuteleza, na vyuma vya kushika vifungwe kwenye ukuta wa tofali imara. Mamangu tulimwekea hivyo na sasa anaoga mwenyewe, hataki kushikwa mkono.

niko_muscat:
Swali moja muhimu, mirathi ilifungwa? Nyumba ya urithi ukiongeza kwa hela yako kesho ndugu anadai fungu na wewe huna karatasi. Mimi natuma hela toka huku nimejifunza mawili, kwanza wote mkae muandikiane nani ametoa nini mashahidi wapo, pili fundi asimwage zege mpaka atume picha ya nondo na tepu imewekwa pembeni. Mimi nililipia nondo za milimita 12 nikawekewa za 10, nilikuja kuijua nikiwa likizo kipande kimoja kilichobaki kiko uani wanaanikia nguo.

binti_mtoni:
Asanteni sana, kila mmoja wenu. Mirathi ilifungwa Mahakama ya Mwanzo, ila hati bado ina jina la baba, hilo tunaanza nalo kesho kutwa.

Jumamosi tumechimba. Mdogo wangu alishika sururu mwenyewe kama fundi alivyosema. Msingi umeishia sentimita 45 tu, mawe ya matumbawe, katikati udongo mwekundu unaokatika kwa kidole, mkanda hakuna. Akakaa pembeni ya shimo kimya muda mrefu, halafu akasema dada tuongeze nyuma. Mume wangu naye amekubali alivyosoma ya mama wa Mbagala, amesoma mara mbili.

Ila kuna jambo. Wakati tunapima pa kuweka choo kipya mama akaletewa kiti, akanyoosha fimbo chini ya mpera akasema hapo msijenge, hapo ndo palikuwa choo cha kwanza, baba yenu alikifukia mwaka aliozaliwa huyu. Yaani pale pale tulipopiga kamba. Fundi tunafanyaje?

fundi_kijichi:
Mungu ampe umri mama, hilo shimo mngelijua sakafu ikishazama. Mashimo yale yalichimbwa marefu na kufukiwa taka na mchanga, huwezi kulishindilia kutoka juu likakaa. Chukua fimbo ya chuma nondo ya mita moja na nusu, chomeka kila baada ya futi moja kuzunguka pale, panapoingia kirahisi weka kigingi, ukimaliza utaona duara lake. Kisha hamisha choo upande wa jiko, ukuta wowote ukae angalau mita moja nje ya vigingi, na vyumba vigeuze vitazame mlango wa nyuma, kwa mita 6 kwa 8 vinaingia. Pale kwenye shimo pabaki wazi, mpera msiukate. Mkishapiga kamba upya nitumie picha kabla ya kuchimba.